Mchungaji Richard Johnson na Merikebu za Wafungwa

Mara nyingi mmetuuliza habari za Wazungu wa kutoka Australia waliofanya kazi katika nchi hii ya magharibi. Wazee wetu wanawakumbuka wauguzi, walimu na makasisi wao, na wengine wetu tuliwahi kutibiwa Murgwanza kule Ngara. Kabla ya Dayosisi yetu ya Western Tanganyika kuzaliwa mwaka 1966, na Kasulu kuwa kiti cha Askofu, tulikuwa chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika, na Askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo, George Chambers, aliyewekwa wakfu mwaka 1927, alitoka mji wa Sydney. Lakini Kanisa la Sydney nalo lilitoka wapi? Hapo ndipo wengi watashangaa. Lilifika kule pamoja na merikebu za wafungwa, na mchungaji wake wa kwanza aliitwa Richard Johnson. Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia maisha yake.

Johnson alizaliwa Welton, katika jimbo la Yorkshire huko Uingereza, yapata mwaka 1753. Hakutoka katika nyumba ya wakubwa. Alisoma katika mji wa Hull chini ya mwalimu Joseph Milner, mtu mcha Mungu aliyewavuta vijana wengi katika imani, na mwaka 1780 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge kama mwanafunzi maskini, yaani wale waliopunguziwa karo. Akapewa ushemasi mwaka 1783 na ukasisi mwaka uliofuata. Yamkini angekaa maisha yake yote katika mtaa mdogo wa mashambani, akibatiza, akioza na kuzika, wala sisi tusingepata kulisikia jina lake.

Lakini siku zile serikali ya Uingereza ilikuwa na shida kubwa ya wafungwa. Sheria ilikuwa kali mno. Mtu aliyeiba kondoo au kipande cha kitambaa aliweza kuhukumiwa kunyongwa, au akihurumiwa alipelekwa ng'ambo kwa miaka 7, au 14, au maisha. Zamani walipelekwa Amerika wakauzwa kazi huko. Waamerika walipojitenga na Uingereza katika vita vilivyoanza mwaka 1775, mlango huo ukafungwa. Magereza yakajaa, hata merikebu chakavu zisizoweza tena kusafiri zikatiwa nanga katika mto Thames zikawa magereza. Ndipo serikali ikaazimia kuwapeleka watu hao mwisho wa dunia, katika pwani ya mashariki ya Australia, ambayo nahodha James Cook alikuwa ameipitia mwaka 1770.

Palikuwa na kundi la Wakristo London walioona kwamba watu hao hawafai kupelekwa bila mchungaji. Miongoni mwao alikuwa John Newton, yule aliyekuwa nahodha wa merikebu za watumwa kisha akatubu akawa kasisi, na ambaye tenzi zake twaziimba hata leo. Mwingine alikuwa William Wilberforce, mbunge kijana, ambaye baadaye alipigana na biashara ya watumwa mpaka ikakatazwa na sheria mwaka 1807. Hao ndio waliomtafuta Johnson na kulipeleka jina lake kwa wakubwa. Akateuliwa mwezi Oktoba 1786, kwa mshahara wa paundi 182 na shilingi 10 kwa mwaka. Mwezi Desemba akamwoa Mary Burton, naye akakubali kwenda naye. Tumeona watu wengi husifu wamisionari wakawasahau wake zao. Huyu Mary alitoka nyumbani kwao akiwa bibi arusi, akaenda kuishi katika nchi ambayo hapakuwa na nyumba hata moja ya kumpokea.

Merikebu 11 ziling'oa nanga Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, chini ya Arthur Phillip, mtu wa jeshi la maji aliyewekwa kuwa Gavana. Merikebu 6 zilibeba wafungwa, 3 zilibeba vyakula na vyombo, na 2 zilikuwa za serikali. Johnson na mkewe walipanda Golden Grove, mojawapo ya zile za vyakula, wakichukua vitabu na vijitabu zaidi ya 4,000: Biblia, Agano Jipya, Zaburi, na Vitabu vya Sala. Vingi vilitolewa na S.P.C.K., chama kile kile kilichokuja kuchapa vitabu vingi vya Kanisa kwa lugha yetu ya Kiswahili.

Katika zile merikebu 6 za wafungwa ilikuwamo moja iliyoitwa Scarborough. Tunaomba msomaji alishike jina hilo, maana litarudi. Ilijengwa mwaka 1782 katika mji wa jina hilo hilo, ina milingoti mitatu, na urefu wake ni kama hatua arobaini za mtu mzima. Nahodha wake aliitwa John Marshall. Ndani yake wakatiwa wanaume 208. Walilala chini ya sitaha, katika lile tumbo la merikebu ambalo mabaharia huliita ngama, pasipo madirisha, kwa hofu ya moto na hofu ya kuasi.

Gavana Phillip alikuwa mtu wa kusumbua wakubwa. Kabla ya safari alikataa kuondoka mpaka wafungwa wapewe nguo, dawa, na nyama mbichi na mboga. Akazitia nanga Tenerife, akazitia nanga Rio de Janeiro kule Brazili, akazitia nanga Rasi ya Tumaini Jema, na kila mahali akanunua matunda na mboga ili kuzuia kiseyeye, ugonjwa ule wa mabaharia unaovimbisha fizi na kung'oa meno. Wafungwa walipandishwa juu kupata hewa, na ngama zikasafishwa. Safari ilichukua miezi minane na zaidi. Watu walikufa njiani, lakini kama mmoja tu kwa kila thelathini. Na wale 208 wa Scarborough karibu wote walifika wakiwa hai. Kwa nyakati zile lilikuwa jambo la ajabu.

Tarehe 26 Januari 1788 wakashuka mahali palipoitwa Sydney Cove. Nchi haikuwa tupu. Wenyeji wa pwani ile, watu wa Eora, walikuwa wameishi hapo kwa karne nyingi zisizohesabika, na hakuna aliyewaomba ruhusa. Hayo twayasema wazi, kwa kuwa habari ya Johnson haiwezi kusimuliwa kana kwamba wao hawakuwapo.

Jumapili tarehe 3 Februari, Johnson aliongoza ibada ya kwanza chini ya mti mkubwa, askari na wafungwa wakimsikiliza. Alihubiri juu ya Zaburi ya 116, mstari wa 12, unaouliza mtu amrudishie Bwana nini kwa ukarimu wake wote. Ni somo gumu kuwapa watu waliofungwa minyororo! Tumejiuliza wale wafungwa walilipokeaje. Majuma mawili baadaye akaandaa Meza ya Bwana katika hema la afisa mmoja, Luteni Ralph Clark.

Kanisa hawakujengewa. Kila Jumapili alitafuta kivuli, na mvua iliponyesha ibada ilivunjika. Yeye na Mary waliishi katika kibanda cha miti chenye paa la majani, kinachovuja. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu mwaka ule ule. Ili wapate kula, Johnson akalima kwa mikono yake. Alipanda ngano na mboga, na mbegu za machungwa alizozichukua Rio, na shamba lake likawa zuri kuliko mengi ya wengine. Wako waliomsema kwamba anapenda jembe kuliko mimbara. Sisi wa Kasanda, ambao wachungaji wetu wamelima mahindi na maharage kama mkulima mwingine yeyote ili watoto wao wale, hatuwezi kumlaumu kwa hilo.

Mwaka 1789 ulikuja ugonjwa wa ndui, ukawaua watu wa Eora kwa wingi, hata miili ikakutwa mapangoni na ufuoni. Msichana mmoja yatima aitwaye Boorong, mwenye umri wa miaka kama 14 au 15, alipona, akakaa nyumbani kwa Johnson. Yeye na Mary walimfundisha Kiingereza na sala, naye akawafundisha maneno ya kwao. Binti yao alipozaliwa mwaka 1790 wakamwita Milbah, jina la wenyeji, pamoja na Maria. Boorong hakukaa nao siku zote, alirudi kwa watu wake, akawa anakuja na kwenda.

Wakati huo njaa ilikuwa imeingia. Merikebu iliyoitwa Guardian, iliyotumwa na vyakula, iligonga mlima wa barafu baharini mwezi Desemba 1789 na vyakula vyake vikapotea. Mwezi Machi 1790 merikebu Sirius ilivunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk. Posho ikapunguzwa, kisha ikapunguzwa tena, kwa Gavana na kwa mfungwa sawasawa. Watu walikuwa wakikaa juu ya mlima wakitazama bahari, wakingoja tanga.

Mwezi Juni 1790 matanga yakaonekana. Surprize ilifika tarehe 26. Neptune na Scarborough zikafika tarehe 28. Ndiyo, Scarborough ile ile, na nahodha wake ni yule yule John Marshall. Alikuwa amerudi Uingereza kwa njia ya China, akapakia wafungwa wengine.

Hapa yatupasa kusimama kidogo tueleze jinsi biashara hii ilivyofanywa, maana bila kuielewa hutaelewa yaliyotokea. Safari ya kwanza ilikodishwa kwa mfanyabiashara mmoja, William Richards, mtu mwangalifu, na Phillip mwenyewe alikuwa juu yake akimwangalia. Safari ya pili walipewa kampuni ya Camden, Calvert na King ya London, waliokuwa wamezoea kuchukua watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mapatano yalikuwa kwamba serikali italipa paundi 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila mfungwa atakayepakiwa. Atakayepakiwa, si atakayefikishwa. Mfungwa akifa siku ya pili baada ya kuondoka, fedha zake zimekwisha kulipwa, na chakula chake kimebaki ghalani. Na chakula kilichobaki kingeweza kuuzwa mwisho wa safari. Basi mtu aliyekufa aliwaletea faida kuliko mtu aliye hai.

Minyororo iliyotumiwa ilikuwa ya biashara ya watumwa, yenye chuma kifupi katikati ya vifundo vya miguu, hata mtu hawezi kupiga hatua wala kusimama vizuri merikebu inapoyumba. Sisi wa mkoa huu, ambao babu zetu walisimulia habari za misafara ya Ujiji, twajua chuma cha namna hiyo ni kitu gani. Katika Scarborough ilisemekana wafungwa wamepanga kuasi, na tangu hapo wakafungiwa chini karibu wakati wote. Maji ya bahari yaliingia ngamani yakawafikia walipolala. Walitia nanga mara moja tu, Rasi ya Tumaini Jema. Safari yenyewe ilikuwa ya miezi mitano na kitu, fupi kuliko ile ya kwanza kwa miezi mitatu.

Katika watu kama 1,000 waliopakiwa katika merikebu hizo tatu, 267 walikufa baharini. Neptune ilipakia karibu 500, wakafa 158. Surprize wakafa 36. Na Scarborough, iliyokuwa imewafikisha salama watu wa safari ya kwanza, safari hii ilipoteza 73 katika watu 250 na zaidi. Mbao zilikuwa zile zile, na nahodha hakubadilika, wala bahari haikuwa nyingine.

Johnson alikwenda bandarini. Alipanda Surprize akashuka mpaka ngamani, mahali ambapo hakuna aliyemtuma. Aliyoyaona aliyaandika katika barua kwa rafiki yake Henry Thornton, na barua hiyo ingaliko. Aliwakuta watu wengi wamelala uchi au nusu uchi, bila kitanda wala kitambaa cha kujifunika, wasioweza kugeuka wala kujisaidia. Harufu ilikuwa mbaya hata akashindwa kuivumilia. Alizungumza nao alipokuwa akipita kati yao, lakini kwa shida. Jinsi walivyotolewa ilikuwa ya kutisha pia. Waliinuliwa kama magunia na kushushwa mashuani. Wengine walizimia walipofikiwa na hewa safi, wengine wakafa papo hapo juu ya sitaha, wengine ndani ya mashua kabla ya kugusa nchi. Walipofika ufuoni wako waliotambaa kwa mikono na magoti, na wako waliobebwa migongoni mwa wenzao. Chawa walikuwa wamewajaa mwili mzima.

Kisha Johnson akataka kushuka Scarborough. Nahodha akamsihi asishuke, akimwambia hali ya mle ni mbaya. Naye akamsikiliza, akarudi. Neptune, ambayo ilikuwa mbaya kuliko zote, hakujaribu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo, bila kujificha. Tumekaa na jambo hili siku nyingi tulipokuwa tukiandaa makala hii. Ingekuwa rahisi kulipita, tukamfanya shujaa aliyeshuka katika merikebu zote tatu. Lakini alishuka moja, akazuiwa ya pili, akaiogopa ya tatu. Ni nani kati yetu hajawahi kusimama mlangoni pa wodi, au pa nyumba yenye ugonjwa, akaambiwa na mtu kwamba asiingie, naye akashukuru moyoni kwa kupewa ruhusa ya kurudi? Wale wa kwetu waliokuwa Kigoma mwezi Mei 2015, Liemba ilipokuwa ikileta wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga na kipindupindu kati yao, wanajua jambo hilo si la vitabuni.

Hata hivyo hakuondoka bandarini. Mahema kama 100 yalisimamishwa karibu na hospitali, wagonjwa wanne katika kila hema, wamelazwa juu ya majani, na blanketi moja kwa watu wote wanne. Johnson alipita hema kwa hema kila siku. Aliona kwamba mwenye nguvu kidogo alilivuta blanketi akawaacha wenzake uchi usiku wa baridi, maana Juni kule ni kipupwe. Aliona watu wakimnyang'anya mkate mwenzao anayekufa. Alisikia jinsi mle ngamani mtu alipokufa wenzake walivyonyamaza kimya, wakalala na maiti siku kadhaa, ili posho yake iendelee kuja. Aliyaandika yote. Hakusema kwamba mateso huwafanya watu wawe watakatifu.

Wengine walikufa merikebu zikiwa tayari zimetia nanga. Hao walitupwa majini bandarini, na mawimbi yakaileta miili pwani, ikawa inaonekana uchi juu ya miamba. Johnson akaenda kwa Gavana akalipeleka neno hilo, na amri ikatoka siku hiyo kwamba atakayefia merikebuni achukuliwe ng'ambo ya kaskazini ya bandari akazikwe. Twaona hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mahubiri yake mengi. Katika majuma machache aliwazika watu zaidi ya 80 kwa mkono wake.

Wakati huo huo wakuu wa merikebu walifungua duka ufuoni, wakauza vyakula kwa bei ya juu. Walionunua walikuwa watu wenye njaa, na sehemu ya vyakula hivyo ndivyo waliovikosa wale waliokuwa wakizikwa.

Habari zilipofika Uingereza, pamoja na barua za Johnson na za maofisa wengine walioona, watu walikasirika. Donald Trail, nahodha wa Neptune, na msaidizi wake William Ellerington walishtakiwa London mwaka 1792 kwa mauaji, lakini wakaachiwa huru. Kampuni nayo haikuadhibiwa; tena ilikuwa imekwisha kupewa kazi ya kupeleka kundi la tatu kabla habari hazijafika. Ila baada ya hapo mapatano yalibadilishwa. Sehemu ya malipo ikawekwa kando, isitolewe ila kwa kila mfungwa atakayeshuka akiwa hai, na waganga wa merikebu wakaanza kupewa zawadi ya fedha wakifikisha watu wazima. Vifo vikapungua sana, ingawa merikebu mbaya hazikukosekana.

Turudi kwa Johnson. Phillip aliondoka mwishoni mwa 1792 kwa sababu ya ugonjwa, na mamlaka ikaangukia kwa Meja Francis Grose, ambaye hakumpenda mchungaji hata kidogo. Jumapili ibada iliwekwa saa kumi na mbili asubuhi, isizidi robo tatu ya saa, na mara nyingine ngoma ya jeshi ilipigwa kabla hajamaliza, askari wakaondoka katikati ya mahubiri. Ombi lake la kujengewa kanisa likatupwa. Basi Johnson akaamua kulijenga mwenyewe, kwa fedha zake.

Kanisa hilo lilikuwa la namna ambayo kila mtu wa Buha anaifahamu. Alichimbia nguzo, akasuka fito, akakandika udongo, akaezeka nyasi, na sakafu ikawa ardhi iliyopigwa ikashikana. Liliweza kuchukua watu 500. Gharama yake ilikuwa paundi 67, shilingi 12 na peni kumi na moja na nusu. Alizihesabu hata nusu peni. Tarehe 25 Agosti 1793 likafunguliwa, miaka mitano na nusu baada ya ile ibada ya chini ya mti. Siku za juma lilikuwa shule ya watoto wa wafungwa, nao walifika 150 na zaidi. Fedha zake alirudishiwa mwaka 1797 tu, chini ya Gavana mwingine, John Hunter.

Hunter alikuwa mtu mwema, akaona haifai kanisa kuwa tupu, akaamuru wafungwa wote wahudhurie Jumapili kwa lazima. Usiku wa tarehe 1 Oktoba 1798 kanisa likachomwa moto likateketea. Aliyelichoma hakujulikana, ingawa zawadi kubwa ilitangazwa. Hatuoni ajabu. Watu walioletwa kwa minyororo wakaja kuswagwa kanisani wangelipendaje? Johnson hakuomba amri ile, lakini moto ulimpata yeye. Ibada zikahamia katika ghala kuu la nafaka.

Tangu 1794 alikuwa na msaidizi, Samuel Marsden, mtu wa nguvu, ambaye jina lake baadaye lilimfunika kabisa Johnson. Mwaka 1800, afya yake ikiwa imeharibika, Johnson aliuza shamba lake, akapanda merikebu Buffalo pamoja na mkewe na watoto wao wawili, wakarudi Uingereza. Alikuwa amekaa miaka 12. Huko alitumikia kama kasisi msaidizi kwa muda mrefu, mpaka mwaka 1810 alipopewa mtaa mdogo katikati ya London, St Antholin, akauchunga kimya kimya kwa miaka 17. Alifariki tarehe 13 Machi 1827.

Merikebu za wafungwa ziliendelea kwenda Australia mpaka mwaka 1868, zikapeleka watu zaidi ya 160,000 kwa jumla. Katika mji wa Sydney, mahali lilipokuwa lile kanisa la fito na udongo, pamezungukwa leo na majengo marefu ya mabenki na maofisi, na nguzo moja ya mawe imesimama kati yake kuonyesha palipokuwa kanisa. Ng'ambo ya kaskazini ya bandari, walikozikwa wale wa mwezi Juni 1790, hakuna msalaba wenye jina la hata mmoja wao.